Kilwa walianza na kisima, sisi twaanza na bati!

Ukimtajia mtu wa Dar jina la Kilwa, atakwambia magofu. Akijitahidi sana ataongeza pweza, na ile barabara ya Somanga ambayo mvua za kimbunga Hidaya ziliikata Mei 2024, mabasi yakalala njiani. Basi, kamaliza. Sasa msomaji wangu, wiki hii tuvuke pamoja, lakini magofu tuyaangalie kwa jicho lingine: jicho la mtu anayetafuta kiwanja.

Toka Dar hadi Kilwa Masoko ni kama kilomita 300. Kibali cha kuona magofu unakikata hapo hapo Masoko, kisha unashuka pwani kupanda mashua. Kisiwani unakuona kwa macho, ni kilomita mbili hivi za maji. Ya mashine inawahi, ila mimi nakushauri ya tanga, upate maongezi ya nahodha.

Atakusimulia kwamba kisiwa kile kilinunuliwa kwa nguo. Eti mgeni Mshirazi alileta nguo za kukizunguka kisiwa chote, mwenyeji akazipokea akahamia bara, halafu mnunuzi akauchimba mkondo uwe na kina ili muuzaji asirudi kumdai. Iwe kweli au porojo, mnunuzi yule alijua kuchagua. Bandari imejificha, upepo unapita, na maji baridi yapo chini.

Hayo maji ndiyo habari yenyewe. Wageni wakifika wanakimbilia Msikiti Mkuu, ulioanza karne ya 11 na kupanuliwa sana karne ya 14, wanapiga picha zile kuba, wanaondoka. Hebu zunguka uone kisima na mabirika ya kutawadhia. Kwenye kisiwa kama kile, maji ya mvua huzama kwenye mawe ya matumbawe na kuelea juu ya maji chumvi, maana ni mepesi. Ukichota kwa ndoo unapata ya kunywa. Ukifukua kupita kiasi, au ukitia pampu ya kukomoa, chumvi inapanda na kisima kimekwisha. Wale mabwana walichimba vingi, vifupi, vilivyotawanyika mjini. Baadhi ya visima vya Kisiwani watu wanachota mpaka leo, wala hawahitaji umeme.

Songo Mnara, kisiwa cha jirani, mpango unaonekana wazi zaidi kwa sababu mji ule ulijengwa karne ya 14 na kuhamwa karne ya 16, hakuna aliyekuja kujenga juu yake. Nyumba za mawe zaidi ya 30, misikiti mitano, ukuta, vyoo vya shimo ndani ya nyumba. Katikati? Uwazi mkubwa. Zamani wataalamu waliuona ni nafasi tupu tu, lakini uchimbaji ulioanza 2009 ulionyesha watu waliutumia: makaburi, kazi za mikono, na huenda bustani. Leo uwazi wa namna hiyo ungekaa wiki mbili tu, kabla hujasikia "kiwanja kimeshapata mtu".

Na nyumba zenyewe, bwana! Kuta nene za mawe na chokaa, vyumba vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haifiki mbali, ndani ubaridi mchana kutwa. Siyo kwamba kila mtu aliishi humo. Ibn Battuta alipopita 1331 aliusifu mji kwa uzuri, lakini majengo aliyoyaandika ni ya miti na kuezekwa kwa majani. Sisi tumechukua tofali la saruji na bati, tukaacha miti, halafu saa nane mchana tunalala barazani kama samaki waliotolewa majini.

Usidhani wazee walikuwa malaika. Chokaa ile ilichomwa kwa matumbawe na magogo, na boriti za pwani hii zilisafirishwa hadi Arabuni. Hata sultani wao al-Hasan ibn Sulaiman alijenga Husuni Kubwa juu ya genge, vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane, akatoka kabisa nje ya mji. Jumba halikukaliwa muda mrefu. Leo mvua inachota udongo wa genge lile, na mimea inayoushikilia udongo ndiyo hiyo hiyo inayopasua kuta. Ukiikata hasara, ukiiacha hasara.

Gereza nalo liko ufukweni, Wareno walianza 1505 na Waomani wakajenga upya karne ya 19. Mikoko ya mbele ilipopungua kwa kukatwa, mawimbi yakaja kula ukuta. UNESCO, iliyokuwa imeorodhesha Kilwa na Songo Mnara mwaka 1981, ikayaweka kwenye hatari mwaka 2004. Yalitoka 2014, baada ya kukarabati kuta, kuweka kinga za mawimbi na, angalia hili, kupanda mikoko upya. Dawa ilikuwa ile ile iliyokuwepo tangu mwanzo.

Nalisema hili kwa sababu Masoko inakua. Ujenzi wa bandari ya uvuvi ulizinduliwa Septemba 2023, wanunuzi wa viwanja wanakuja, madalali wamependeza. Na pwani hii inapigwa: kimbunga cha Aprili 1952 kiliubomoa vibaya mji wa Lindi, wazee wa kule walikuwa wakihesabu miaka kutokea hapo. Ukionyeshwa kiwanja cha bei poa ufukweni, muulize dalali mikoko ya mbele ilikwenda wapi, na maji ya mvua yanapita wapi. Akianza kutazama simu, ondoka.

Songo Mnara usiikose. Ila panga safari na nahodha kwa kufuata maji, maana yakiwa yamekupwa utavua viatu na kupita tope katikati ya mikoko, kaa wakikukimbia miguuni, kabla hujauona ukuta wa kwanza.