Mke Kigoma, Mume Dar, Penseli Katikati

Kama umewahi kuishi mbali na mwenza wako kwa sababu ya kazi, unazijua zile simu za saa tatu usiku. "Umekula?" "Nimekula." "Za kazi?" "Nzuri tu." Halafu kimya, kila mtu anasikiliza feni ya mwenzie. Mke wangu ni muuguzi, na miezi minne tu baada ya harusi alihamishiwa Kigoma. Mimi nikabaki Dar na kazi yangu ya kuchora picha za vitabu vya shule. Tulipendana, lakini maneno yalikuwa yametuishia.

Usiku mmoja akasema, "Nifundishe kuchora." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Basi nikawa mwalimu. Dukani kwao alipata HB tu, ambayo kwa kuandikia haina neno, ila ukitaka kivuli kizito utaishia kutoboa karatasi. Nikamtumia kifurushi kwa basi: 2B, 4B, 6B na raba laini. Kwa wasiojua, B ni weusi. Namba ikipanda penseli inalainika, maana udongo unaochanganywa na grafiti unapungua.

Somo la kwanza lilikuwa kikombe cha chai. Kila anayeanza anakosea palepale: mdomo anauchora duara kamili, kitako anakipiga mstari kama wa rula. Anajua mdomo ni duara na anajua meza ni bapa. Lakini ukiwa umekaa mezani, macho yanaona yai lililolala, na kitako nacho kinajipinda. Nikampa sheria moja, niliyoirudia mpaka akaichoka: chora unachokiona, usichore unachokijua.

Kwenye kusahihisha ndipo nilipoharibu. Alikuwa ananitumia picha kwa WhatsApp akitoka zamu ya usiku, hajalala bado, na mimi namrudishia kama mhariri wangu anavyonirudishia mimi: duara jekundu hapa, mshale pale. Kikombe cha tatu nikamwambia mdomo umekuwa mwembamba, "huko makini". Hakujibu. Wiki nzima tukarudi kwenye umekula, nimekula.

Siku ya saba nikaifungua tena ile picha, safari hii nikatazama kingo za karatasi yenyewe. Nazo zilikuwa zimebanana juu! Karatasi ililala mezani, simu ikashikwa kwa kuinama, kwa hiyo sehemu ya mbali ikaonekana ndogo. Kikombe hakikuwa na kosa lolote. Nikampigia kuomba radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Unafundisha kama unavyogomba, mume wangu. Unasahihisha kwanza, unauliza baadaye."

Jamani, nilikosa la kujibu.

Tukabadili utaratibu. Karatasi inaegemezwa ukutani karibu na dirisha, simu inanyooka mbele yake, bila flashi kwa sababu grafiti inang'aa. Na mimi, kabla ya neno lolote, lazima niulize: ulikaa wapi, na mwanga ulitoka upande gani? Hutaamini maswali hayo yalivyofungua mambo. Nikajua ana kiti kimoja tu, cha plastiki. Nikajua dirisha lake linatazama ziwani, na jua likizama kivuli cha kikombe kinavuka meza nzima.

Mwezi wa nane nikampa mkono wake wa kushoto. Mkono ni mgumu. Siri ni kuchora kwanza nafasi zilizo kati ya vidole. Picha ikaja Jumapili. Nzuri, nakuapia! Nikamsifia vivuli vya kwenye vifundo. Kisha nikaona kidole cha pete. Hakikuwa na pete.

Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. "Umesahau pete?"

"Si ulisema nichore ninachokiona?"

Nikapiga palepale, mikono inatetemeka. Pete ilikuwa inamvuka yenyewe, akasema. Mara mbili ilidondokea kwenye beseni akifua, akaamua kuiweka kwenye kikopo. Alikuwa amepungua kilo tisa. Zamu za usiku, na hamu ya kumpikia mtu mmoja haipo, usiku mwingine analala na chai. Alikuwa anasema "nimekula" ili nisipate presha.

Nikairudia picha. Mifupa ilivyotokeza, mishipa, vyote vilikuwa pale kwa 4B, na mimi nilikuwa nimesifia vivuli.

Jumatatu nikaomba ruhusa ofisini, nikakata tiketi ya basi. Nilipofika nilipika mimi. Akamaliza sahani, akaongeza nyingine, mimi namtazama tu. Kisha akavuta karatasi na ile 6B, akanisogezea kiti chake cha plastiki dirishani.

"Kaa hapo," akasema. "Na usisahihishe kitu."