Mafuta ya Mashine Inayolala

Jumapili, 14 Mei 2023. Tabora mjini

Mvua imekatika na majani porini yamefika kifuani. Barabara za moto kuzunguka manzuki lazima ziwe zimefyekwa kabla Juni haijaisha, la sivyo moto wa Agosti utapita chini ya mizinga yetu kama ulivyopita kwa majirani. Leo tumeitoa ghalani mashine ya kufyekea ya kikundi chetu cha wafugaji nyuki. Imelala tangu mwaka jana. Vijana walivuta kamba kwa zamu mpaka mashati yakalowa. Injini ikakohoa mara moja, ikanyamaza.

Jioni nikaipeleka kwa fundi, mtaani Ng'ambo. Akaifungua kabureta juu ya gazeti, taratibu, skrubu baada ya skrubu, na mimi nimeinama kando yake. Ndani mlikuwa na utando wa kahawia unaonata. Tundu la jeti, ambalo hata likiwa safi halipitishi sindano ya kushonea, lilikuwa limeziba kabisa. Kiwambo cha mpira kimekakamaa na kujikunja pembeni. Fundi akakwaruza ule utando kwa ukucha, akanusa, akaniambia, "Mzee, haya si mafuta tena, haya ni vanishi." Waliorudisha mashine mwaka jana waliiacha na mafuta kwenye tenki. Ndivyo kila mtu anavyofanya huku.

Kiwambo kipya hakipo Tabora. Kitatoka Dar es Salaam kwa basi.

Jumatano, 17 Mei

Kiwambo kimefika. Nilipokwenda kukichukua nikakuta mjadala kwa fundi. Mteja mmoja mwenye msumeno wa mnyororo anashikilia kwamba petroli ya siku hizi imetiwa spiriti, ndiyo maana mashine ndogo zinakufa. Anataka aambiwe ni wapi atapata petroli isiyo na ethanoli, inayoweza kukaa mwaka mzima bila kuharibika.

Hofu yake ina msingi, ingawa si hapa kwetu. Malawi wanachanganya ethanoli ya miwa kwenye petroli tangu 1982. Kenya nao walikuwa na mchanganyiko wao miaka ya themanini, ethanoli ikitoka Muhoroni. Marekani karibu kila pampu ina asilimia kumi. Kwa gari linalotembea kila siku hakuna shida kubwa. Kwa injini ya mipigo miwili inayolala miezi, shida ipo, na ni vizuri kujua inavyotokea: ethanoli hunyonya unyevu wa hewa, na maji yakizidi kiasi fulani, ethanoli na maji hujitenga na petroli na kutuama chini ya tenki. Oili ya 2T iliyochanganywa kwenye mafuta hubaki juu na petroli. Mdomo wa mpira wa mafuta uko chini. Kwa hiyo injini ambayo haina oili nyingine yoyote ila ile iliyomo ndani ya mafuta yake hunyweshwa maji na spiriti tupu, na pistoni hukwama.

Badala ya kubishana tulipima. Chupa ya plastiki ya maji, nyembamba na inayopitisha mwanga; maji kidogo chini, mstari wa kalamu ya wino mzito kwenye usawa wa maji, kisha petroli mara kumi ya yale maji. Ukafungwa mfuniko, ikatikiswa, ikaachwa kivulini. Petroli ingekuwa na ethanoli, ethanoli ingehamia kwenye maji na usawa wa maji ungepanda juu ya mstari. Tulisubiri mpaka ukungu ukatulia. Maji yalikuwa palepale kwenye mstari. Yule bwana akainama kuangalia upande huu, akazunguka upande ule. Akaridhika.

Kwa hiyo Tabora, kwa leo, petroli isiyo na ethanoli si ya kutafutwa. Ndiyo hiyo iliyopo kituoni. Na hata hivyo imegeuka vanishi ndani ya mashine yetu.

Ijumaa, 19 Mei

Nimekuwa nikifikiri kuhusu hilo la mwisho. Petroli yenyewe, bila ethanoli, ina maradhi yake. Sehemu nyepesi zinazosaidia injini kuwaka huruka kwanza, na ghala letu la bati Septemba ni tanuri. Sehemu nyingine huungana na oksijeni na kuganda. Ndiyo maana vitabu vya watengenezaji wa misumeno husema mafuta yaliyokwisha kuchanganywa na oili yasikae zaidi ya siku 30. Hilo limeandikwa na watu wa Ulaya, kwenye baridi. Huku mimi nisingesubiri hata hizo 30.

Kuna pia hatari ya mafuta ya taa kutiwa kwenye petroli. Wote tunakumbuka miaka ile ya uchakachuaji, mpaka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, ikaanza mwaka 2010 kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochezewa yajulikane. Hali imekuwa bora sana tangu hapo, lakini vinasaba vinapimwa kituoni. Havipimwi kwenye chupa za soda zinazouzwa mezani kando ya barabara ya kwenda porini, na sisi wa manzuki ndio wateja wa meza hizo. Kipimo cha maskini kipo: dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka na kuacha karatasi kama ilivyokuwa. Yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Pima kabla ya kutia oili, kwa sababu oili nayo huacha doa.

Jumapili, 28 Mei

Mpwa wangu aliyeko Göteborg, Sweden, amenipigia baada ya ibada. Yeye kazi yake ni kutunza bustani za mji, anafyeka na kukata matawi kiangazi chote. Nilimsimulia habari za kabureta, akashangaa kwamba tunatumia petroli ya kituoni.

"Mjomba, sisi tunakatazwa. Tunapewa ya makopo."

Anayoisema ni petroli ya alkileti. Wasweden walianza kuiuza 1988 chini ya jina la Aspen, na sababu ya kwanza haikuwa kabureta. Ilikuwa mapafu ya wakata miti wanaoshinda mashine zao zikiwatemea moshi usoni. Hutengenezwa kutokana na gesi za kiwanda cha kusafishia mafuta, zikaunganishwa kuwa kimiminika safi mno: karibu haina benzini, kemikali inayoleta saratani ya damu, na haina zile sehemu zinazoganda. Ethanoli hamna. STIHL, watengenezaji wa misumeno, nao wana ya kwao, MotoMix, imeshachanganywa na oili. Wanasema kopo lisilofunguliwa hukaa miaka mitano, na lililofunguliwa miwili.

Miaka mitano! Hayo ndiyo mafuta ambayo yule bwana wa msumeno anayaota. Nikamuuliza mpwa kama anaweza kuniletea lita mbili Desemba akija. Akacheka: petroli haipandi ndege, hata kopo moja. Na bei huko kwao ni mara kadhaa ya petroli ya kawaida. Nimeuliza maduka ya zana hapa mjini. Wananiuzia oili ya 2T, kopo la mafuta hayo hawajaliona.

Lakini lile neno lake la mapafu limenikaa. Vijana wetu wanafyeka siku nzima bila hata kitambaa puani. Nimewanunulia barakoa, na nimesema wazi: hakuna kunyonya petroli kwa mdomo kutoka kwenye dumu. Mpira wa kubonyeza upo madukani kwa bei ya soda chache.

Jumatatu, 5 Juni. Porini, Sikonge

Tumelala kambini. Miti ya mitundu imetulia, usiku ni wa baridi. Kazi imeanza alfajiri.

Naandika jinsi tunavyochanganya, kwa sababu kila kijana ana mkono wake na wengi hukisia kwa kifuniko cha chupa. Bomba la sindano la duka la dawa, la mililita 20, bila sindano yake. Kipimo cha mashine hii ni moja kwa hamsini: bomba moja la oili kwa lita moja ya petroli, wala hakuna hesabu ya kuumiza kichwa. Kwanza nusu ya petroli kwenye chombo, kisha oili, tikisa mpaka rangi iwe moja, kisha petroli iliyobaki, tikisa tena. Mashine kuukuu za moja kwa ishirini na tano zinataka mabomba mawili. Oili ya injini ya pikipiki haifai. Ile imetengenezwa kukaa ndani ya injini, hii imetengenezwa kuungua pamoja na mafuta.

Tumechanganya lita moja asubuhi, nyingine baada ya kula. Haikubaki ya kulala. Mashine imewaka kila mara kwa mvuto wa pili.

Jambo la asali. Kijana mmoja aliweka dumu la petroli kwenye kivuli kilekile tulichoweka ndoo za kurinia. Nimeliondoa mwenyewe. Asali hunyonya harufu, na mnunuzi akinusa petroli kwenye ndoo moja atatilia shaka shehena yote. Jina la asali ya Tabora limejengwa na wazee waliobeba mizinga ya magome mgongoni. Halipaswi kuharibiwa na dumu la lita tano. Kuanzia leo mafuta yanakaa upande wa pili wa kambi, upepo unakoelekea.

Jumamosi, 1 Julai. Ujiji

Nimekuja Kigoma kwa treni, kwa shughuli za familia. Reli ya kati imeifuata ile njia ya misafara kwa sehemu kubwa: Tabora, Kaliua, Malagarasi, Uvinza, mpaka ziwani. Wapagazi walitembea, Stanley alitoka Bagamoyo Machi 1871 akafika Unyanyembe, kwetu Tabora, Juni. Mzigo wa njia hii daima umekuwa mzigo unaochelewa na kungoja. Livingstone alipofika hapa Ujiji mwaka huohuo, amechoka na mgonjwa, alikuta bidhaa alizotumiwa kutoka pwani zimeshauzwa na yule aliyekabidhiwa kuzitunza. Petroli tunayonunua Tabora nayo imesafiri: meli, matangi ya bandarini, lori, tangi la chini ya kituo. Haifiki kwetu ikiwa na umri wa siku moja. Umri huo tunauongezea sisi.

Jioni nilikaa mwaloni. Injini za Yamaha za mipigo miwili zimefungwa kwenye mitumbwi ya dagaa, nyingine zimechakaa rangi zote. Nilimuuliza mzee mmoja wa chombo kama kabureta zao huziba. "Zizibe saa ngapi?" alinijibu. "Tunachanganya magharibi, alfajiri dumu ni tupu." Petroli ni ileile ya Tabora, oili ni ileile. Injini hizo hufanya kazi karibu kila usiku wa giza, mafuta hayapati nafasi ya kuzeeka. Kwangu mimi hilo limemaliza ubishi wa Ng'ambo kuliko chupa yetu ya mstari wa wino.

Jumatano, 2 Agosti. Tabora

EWURA wametangaza bei za mwezi. Dar es Salaam petroli imeruka kutoka shilingi 2,736 hadi 3,199 kwa lita, na huku bara ni juu zaidi. Vituo vingine vimefunga pampu. Watu wanakimbilia kuweka akiba, na wajumbe wawili wa kikundi wamenijia na shauri kwamba tununue pipa zima tukipata, liwe la msimu huu na ujao.

Nimekataa. Ingekuwa dizeli ningefikiri. Petroli iliyokaa pipani mwaka mzima chini ya bati tutakuja kuilipia mara ya pili kwa fundi, tukiwa na bahati isituchomee ghala kwanza. Shida ya wiki chache hatuwezi kuitibu kwa mafuta ya mwaka.

Mmoja hakufurahi. Nikamkumbusha ile kabureta juu ya gazeti.

Jumapili, 20 Agosti. Sikonge

Moto umepita juzi usiku upande wa mashariki. Ulifika kwenye barabara tuliyofyeka, ukalamba ukingo, ukafa. Mizinga yote iko salama. Kazi ya kufyeka imekwisha mpaka mwakani.

Mashine tumeilaza hivi: tenki limemwagwa kwenye dumu, injini imewashwa ikaachwa ikinguruma mpaka ikazimika yenyewe kwa kukosa mafuta, ili kabureta ikauke. Plagi imetolewa, matone machache ya oili ya 2T yakadondoshwa ndani, kamba ikavutwa polepole mara mbili, plagi ikarudishwa. Yaliyobaki kwenye dumu amepewa kijana mwenye kijenereta cha Tiger anayechaji simu kijijini. Kinatumia mchanganyiko huohuo, yataisha kesho.

Uamuzi wa kikundi, ambao nimeuandika pia kwenye mlango wa ghala: hatununui mafuta ya kukaa. Petroli inanunuliwa kituoni, siku ya kuingia porini, kwenye dumu safi lenye kifuniko kinachobana, na inapimwa kwa karatasi. Oili inatiwa kwa bomba la sindano, lita ya siku hiyo tu. Mashine hailali na mafuta ndani. Siku makopo ya alkileti yatakapofika maduka ya Tabora kwa bei ya mfugaji nyuki, nitakuwa wa kwanza kuyanunua, kwa ajili ya vifua vya vijana kabla ya kabureta. Na ikiwa Tanzania nayo itaamua kutia ethanoli kwenye petroli, jaribio la chupa litafanywa kila Mei kabla ya kamba kuvutwa.