Mabibo Yetu na Vikombe vya Lisbon

Mjomba,

Uliniuliza kwenye simu kama Wareno nao wana pombe kali ya kupikwa kama nipa yetu. Wanayo, tena ya aina nyingi, na mkulima wao anaipika mchana kweupe. Salio liliisha kabla sijamaliza, basi acha nikuandikie.

Pembeni ya uwanja wa Rossio, katikati ya Lisbon, kuna kiduka kiitwacho A Ginjinha, kipo tangu 1840. Kaunta moja, kiti hakuna, na sakafu inanata sukari mpaka soli ya kiatu inalia. Kinachouzwa hapo ni ginjinha: pombe kali iliyolowekewa vitunda vyekundu vichachu vya jamii ya cheri, ikatiwa sukari na mdalasini. Muuzaji anauliza swali moja tu, na vitunda au bila vitunda, kisha anakumiminia kiasi cha kikombe cha kahawa ya mtaani. Nimemwona bibi mzee, mkoba mkononi, akinywa taratibu mlangoni, akatema kokwa, akaenda kupanda basi lake. Hakuna aliyegeuka kumtazama.

Mbele ya kiduka hicho, Largo de São Domingos, ndipo Waafrika wa mji huu hukutana. Wengi ni wa Guinea-Bissau, nchi inayoitegemea korosho kuliko hata sisi. Mama mmoja muuza kola aliposikia natoka kwenye mikorosho hakuuliza bei ya kilo. Aliuliza mabibo tunayafanyia nini. Kwao hukamuliwa, yakachachuka, yakawa mvinyo. Wengine huyapika yakawa pombe kali. Nikamsimulia uraka wetu, nikamweleza na kochoko, jinsi mabibo yanavyoanikwa na kuwekwa hata msimu ukishapita. Hilo la kuanika lilimpendeza sana. Lakini nikakiri pia kwamba mengi yanaozea chini ya miti.

Ni mengi kweli, Mjomba. Msimu wa 2017/18 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 313,000 za korosho, na kila korosho ilining'inia kwenye bibo lenye uzito mara tano hadi kumi wa korosho yenyewe. Piga hesabu mwenyewe. Bibo likishaanguka halingoji. Kesho yake limeshaharibika.

Wareno hawa hawa ndio waliotoa mkorosho Brazil katika karne ya 16, wakaupeleka Msumbiji na Goa. Huko Goa pombe ya mabibo inaitwa feni, na tangu 2009 jina hilo linalindwa kisheria: anayepika nje ya Goa atafute jina lingine. Mpiko wa kwanza, ule mwepesi, wanauita urrak. Nadhani umenisikia.

Ila kilichonifungua macho ni medronho. Ni tunda dogo jekundu lenye ngozi ya chengachenga, linaloiva Oktoba hadi Desemba, miezi ile ile ya korosho. Katika milima ya Monchique, kusini, wakulima huliacha lichachuke kwenye mapipa mwezi mzima na zaidi, kisha hulipika kwenye mtambo wa shaba kwa moto wa kuni. Mzee aliyetukaribisha alikinga matone ya kwanza akayamwaga. Hakuwa akitambikia, kichwa hakinywewi, basi. Akakinga ya katikati, na mkia akaurudisha kwenye mtambo usubiri mpiko mwingine. Kwa wapenda utamu, nyingine huchanganywa na asali.

Nikafikiria kwetu Newala. Bomba la mtambo wa nipa linapita kwenye maji ya kupozea, na maji yenyewe zamani yalipandishwa kichwani kutoka bondeni. Nani, baada ya kazi hiyo, atamwaga tone la kwanza? Na anayepika huku sikio likitegea pikipiki ya polisi atapata wapi muda wa kutenga kichwa na mkia? Tunailaumu nipa kwa ukali wake, wakati haraka ndiyo inayoiharibu.

Sheria yetu ya moshi, yaani pombe za kupikwa kama nipa, ni ya 1966. Waganda walitunga ya kwao ya enguli, pombe yao ya kupikwa, miaka hiyo hiyo, na kwao ikazaa njia: enguli ya vijijini ikanunuliwa, ikasafishwa kiwandani, ikatoka kwenye chupa inaitwa Uganda Waragi. Sisi tuna Konyagi, lakini Konyagi haijawahi kuhitaji bibo hata moja la Newala.

Shangazi wa Masasi, Mwanglikana wa kweli, akisoma hapa atakunja uso, na ana haki. Tuliona viroba vilivyowafanya vijana wa stendi, mpaka vikapigwa marufuku Machi 2017. Wareno nao wana walevi wao. Nawaruka asubuhi nikienda kazini. Sitetei kulewa. Natetea kikombe kile kidogo cha yule bibi.

Halafu kuna habari ya uchungu. Baa nyingi za hapa zina kichupa cha Angostura, kiungo kichungu cha vinywaji, karatasi yake kubwa kuliko chupa yenyewe. Kiungo hicho alikibuni daktari Mjerumani, Johann Siegert, mwaka 1824, alipokuwa akiwatibu askari wa Simón Bolívar kule Venezuela. Matone mawili matatu tu kwenye kokteli, na utamu unapata adabu. Sasa ule ukakasi wa bibo unaokaba koo, ambao nyumbani tunauhesabu kasoro, mimi naona ni nusu ya kazi hiyo imeshafanywa na mti. Wabrazili wameshaligundua: wana kinywaji chao, caju amigo, maji ya bibo na pombe kali.

Ombi langu ni hili. Kabla msimu haujakubana na magunia na minada ya ushirika wetu, TANECU, shuka Mtwara uingie kituo cha utafiti cha Naliendele. Wale hufundisha vikundi kutengeneza juisi na mvinyo wa mabibo. Waulize wanavyoupunguza ukakasi, na kama inawezekana kuubakiza kidogo. Mtambo usiguse, sitaki kupigiwa simu kwamba uko mahabusu. Niwekee kochoko tu, debe moja, zilizoanikwa kwenye turubai safi na si kando ya barabara kwenye vumbi la bodaboda.

Shangazi akiuliza ni za nini, mwambie za keki.

Mpwa wako,
Lisbon