Mwenye Nyumba, Mkate na Miiko

London. Makaburi ya Highgate yana kiingilio. Mgeni hulipa, kisha hufuata njia ya kwenda kwa Karl Marx, aliyezikwa 1883. Kichwa kile kikubwa cha shaba kiliwekwa 1956. Wengi niliowakuta walikuwa vijana, simu mkononi. Binti mmoja aliniambia alimfahamu Marx kupitia video fupi kuhusu kodi ya pango: mshahara unaingia, mwenye nyumba anaondoka nao. Wapo wanaosema huku ni kufuata mkumbo. Mimi nakataa. Anayevuja jasho mwezi mzima kwa ajili ya chumba ana haki ya kuuliza jasho lake limeenda wapi.

Nairobi. Hapa somo lilianzia kwenye mkate. Juni 2024 vijana waliuchambua Mswada wa Fedha kwenye TikTok na X, kwa Kiswahili, Sheng na lugha za nyumbani, hata VAT ya asilimia 16 kwa mkate ikaondolewa kabla mswada haujapitishwa. Tarehe 25 waliingia Bungeni. Wenzao waliuawa kwa risasi. Kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini. Mabango yaliitaja IMF waziwazi. Ila mitaani, hasira niliyoisikia zaidi iliwalenga waheshimiwa waliojionyesha mtandaoni na saa na magari yao huku wakiwahimiza wananchi wakaze mkanda.

Arusha. Vipande vya hotuba za Mwalimu Nyerere vinazunguka kwenye simu, lakini ndani ya Makumbusho ya Azimio la Arusha nilipata nafasi ya kutosha kusoma bila kusukumwa. Azimio la Februari 1967 hukumbukwa kwa kutaifisha mabenki. Halafu vikaja vijiji vya ujamaa, na wakulima wengi walihamishwa kwa nguvu. Hilo silitetei hata kidogo.

Ninachokitetea ni miiko ya uongozi. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asipokee mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Mkewe au mumewe naye yumo. Ndiyo miiko iliyolegezwa na chama tawala kule Zanzibar 1991, na ndiyo, bila kulitaja Azimio, waliyokuwa wakiidai vijana wa Nairobi. Yule binti wa Highgate amefundishwa kumtambua mwenye nyumba. Azimio lilimkataza mtunga sheria kuwa mwenye nyumba. Natamani vijana waanze kusambaza ukurasa wa miiko hiyo.