Majaribio yote kijani, na dereva akaitwa mwizi

Leo naongelea jambo dogo la kujaribu programu, lakini nianze na aibu yangu mwenyewe.

Nyumbani ni Mayoni, karibu na Mumias, nchi ya miwa. Mwaka jana niliwaandikia majirani programu ndogo: trela likishapimwa kwenye mizani, mkulima anapata SMS yenye uzito na saa. Siku moja shangazi yangu akapokea "tani 1.42". Miwa yake ilikuwa tani 14.2. Kwetu wizi wa miwa njiani si jambo geni, basi akamfuata dereva wa trekta pale sokoni, akamwita mwizi mbele ya watu. Mnajua neno hilo linavyoweza kumponza kijana wa watu. Bahati wazee waliingilia kati.

Kosa lilikuwa langu. Niligawa kilo kwa 10,000 badala ya 1,000.

Na majaribio? Yote kijani! SMS halisi hugharimu pesa, kwa hiyo nilitumia kitumaji cha bandia, yaani moki. Kulinganisha ujumbe mzima neno kwa neno kulinishinda, maana saa hubadilika kila mara. Kwa uvivu nikaandika anything(), yaani pokea chochote. Nayo ikapokea chochote kweli.

Dawa yake ni kolibaki: fankisheni unayoipa moki. Moki huiita na kile kilichopitishwa, nayo hujibu ndiyo au hapana. Katika PHPUnit, jaribio la kilo 14,200 likawa hivi:

$sms->expects($this->once())
    ->method('tuma')
    ->with($this->callback(function ($m) {
        return strpos($m, 'tani 14.2') !== false
            && strlen($m) <= 160;
    }));

Saa inaachwa, uzito unabanwa, na ujumbe hauzidi herufi 160 za SMS moja. Wenzetu wa Java wanayo argThat ya Mockito.

Tahadhari: kolibaki ikikataa, PHPUnit haikuambii ni sharti lipi limevunjika. Siku hizi naweka assert moja kwa kila sharti humo ndani, kisha return true.

Mimi na shangazi tulikwenda kwa dereva kumwomba radhi. Alitusamehe, ila miwa ya shangazi habebi tena.

Haya, tuonane wakati mwingine.