Samaki Wadogo Nao Wana Mwenyewe

Leo nimesoma Yohana 6, nikakwama kwa wale samaki wawili wa yule mvulana. Walikuwa wadogo, lakini mikononi mwa Yesu walilisha watu 5,000.

Nikawaza bahari yetu ya Pwani. Maji yakipata joto hubeba hewa kidogo, na wakati huo huo mwili wa samaki huhitaji hewa zaidi. Mwaka wa 1998 joto lilizidi, matumbawe mengi yakageuka meupe, yakafa. Samaki mdogo akakosa pa kujificha. Naye akipungua, mvuvi hurudi na ndoo nusu, mama karanga hana cha kukaanga, karo ya mtoto inakwama.

Mpendwa, usiseme hayo ni ya wanasayansi. Mwanzo 1 inaonyesha Mungu alibariki samaki kabla hajamuumba Adamu. Tukiombea mvua, tuombee na bahari. Na wewe mvuvi, weka kando nyavu za matundu madogo. Samaki aliyechoshwa na joto, mwache akue.

Baba, linda hicho kidogo tulichobaki nacho. Kama unaamini, sema AMINA.