Mchungaji Mgeni na Mfasiri Wake

Habari za wachungaji waliotumika katika nchi za ugenini zimeandikwa sana, lakini wengi walioziandika ni wale waliokwenda. Wale waliowapokea wageni waliandika machache. Sisi Mungu ametuweka katikati, maana pamoja na kazi yetu ya kufundisha hapa Themi, kwa miaka kadhaa tumekuwa tukiitwa kufasiri mahubiri ya wageni wajao katika sharika za mlima Meru. Mfasiri husikia kila neno mara mbili, tena huona nyuso za watu wanapolipokea.

Wenyeji husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mchungaji mgeni jembe hilo si mahubiri, maana mahubiri huandaliwa nyumbani kwa utulivu. Jembe ni yale yajayo baada ya ibada. Kwanza ni mnada. Mikungu ya ndizi, mayai, na maziwa yaliyotolewa sadaka hunadiwa nje ya kanisa, na fedha huingia mfukoni mwa usharika. Mgeni mmoja aliinua mkono kumpungia mtoto, na mara akapigiwa makofi: amekwisha nunua jogoo! Akamchukua kwapani hata nyumbani, na siku ile alipendwa kuliko kwa mahubiri yake yote. Kisha huletewa loshoro, naye hula. Hayo ni majembe mepesi.

Liko na zito. Kila mchungaji atokaye Ulaya akija huku mlimani, hapana budi akanyage nyayo za wawili waliomtangulia, ajue asijue. Katika mwezi wa Oktoba 1896 Ewald Ovir na Karl Segebrock, watu wa Misioni ya Leipzig, walipiga hema zao Akeri ili waanze kazi. Wakati ule Kapteni Johannes, mkuu wa askari wa Kijerumani wa Moshi, naye alikuwa karibu pamoja na askari wake. Mashujaa wa Kimeru na wa Kiarusha wangewezaje kupambanua mweupe wa Injili na mweupe wa bunduki, hali wote wamekuja siku zilezile, kwa njia ileile? Usiku ule wakawaua Ovir na Segebrock, na pamoja nao Wachaga waliofuatana nao. Ovir alikuwa mtoto wa Estonia, na nchi yake yenyewe ilikuwa chini ya mtawala mgeni, Mfalme wa Urusi. Jambo hili tulipowaambia watoto wa darasa letu walinyamaza, kisha mmoja akauliza, "Mwalimu, basi mbona alikuja na wenye bunduki?" Tulimjibu kwamba kuja karibu nao si kuja nao, lakini kwamba aliye mbali haoni tofauti.

Kisasi kikafuata. Johannes alikuja na askari, na pamoja nao mashujaa wengi wa Kichaga. Watu wakauawa, ng'ombe wakachukuliwa, na migomba ikakatwa. Machi 2, 1900, huko Old Moshi, alinyongwa Mangi Meli pamoja na viongozi wengine, na miongoni mwao wamo wa Meru na Arusha. Siku zizo hizo boma la Arusha likajengwa kwa kazi ya kulazimishwa, nalo lingali limesimama mjini, siku hizi ni nyumba ya makumbusho. Ndipo mwaka 1902 misioni ikarudi, ikaanza Nkoaranga, na mwaka 1904 Ilboru.

Basi, mwaka mmoja si wa zamani, tulikuwa tukimfasiria mchungaji kijana wa Kijerumani katika mkutano wa wazee wa usharika fulani. Alikuwa amesema vizuri juu ya wale wawili wa Akeri. Akasimama babu mmoja, akaegemea fimbo yake, akasema nasi: "Mwalimu, mwulize mgeni wetu. Majina ya wale wawili twayajua, hutajwa kanisani. Babu yangu alipigwa risasi katika migomba yake siku za kisasi, naye hakumwua mtu. Je, huko kwao jina lake hutajwa?"

Mzee aliyeketi karibu nasi akatunong'oneza, "Mwalimu, lainisha kidogo. Huyu ni mgeni." Twaungama kwamba neno la kulainisha lilikuwa tayari ulimini. Lakini babu yule alikuwa akitutazama sisi, si mgeni. Tukalifasiri swali lake zima, pamoja na risasi na migomba.

Mgeni alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Sikufundishwa habari hiyo. Tafadhali niambie jina lake." Babu akalitaja. Mgeni akalikosea, babu akalirudia. Akalikosea tena, babu akalirudia tena kama mtu amfundishaye mtoto, hata likatoka sawasawa. Jumapili iliyofuata, katika sala, tulilisikia likisomwa baada ya Ovir na Segebrock. Wako washarika ambao hawakupendezwa. Walisema kanisani si mahali pa kufukua vita. Sisi hatuoni hivyo. Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani mwenyewe, Steinmeier, alisimama Songea akaomba radhi kwa ajili ya waliouawa katika vita vya Maji Maji. Ikiwa mkuu wa nchi aliweza kusema, mchungaji ashindwe kwa nini? Hata Wachaga wale waliokufa Akeri, ni mara chache tumesikia mtu akiwataja mmoja mmoja kwa jina.

Siku hizi njia ina pande mbili. Mwaka 1977 Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho la Walutheri la Dunia, na wachungaji wetu nao wametumika katika sharika za Ujerumani. Mmoja wao, jirani yetu, alitueleza ya huko. Kanisa ni kubwa la mawe, na waliomo wanahesabika kwa vidole. Hakuna mnada. Hakuna abishaye hodi bila kuandika kwanza. Alikaa majuma mengi akidhani hapendwi. Ndipo akaanza kuwaendea wakongwe wakaao peke yao, akaketi nao, akanywa kahawa yao hata kama hakuipenda. Mama mmoja mkongwe akamwuliza swali ambalo hakulitazamia: je, huko Afrika watu wangali wana hasira nao? Hakuwa na mfasiri. Ilimpasa ajibu mwenyewe, kwa Kijerumani chake kidogo.

Tulimwuliza alijibu nini. Akasema, "Nilimwambia wapo wenye hasira, na wapo waliosahau, na mimi nimetumwa na wote." Mama yule akamwongezea kahawa.